Kufuli la brauza linategemea nani amekagua cheti

Mkuu, umesema ofisini kwenu mmezima apdeti za Windows ili bando lisiishe, na mhasibu anashikilia kwamba maadamu kufuli linaonekana kwenye brauza, mko salama. Naomba umkatalie. Kufuli ni jibu la programu iliyokagua cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha tovuti. Mkaguzi akiwa na kasoro, tapeli naye anapata kufuli.

Januari 2020 nilikuwa nahudumia ofisi moja hapa Dodoma, kompyuta 11 za Windows 10, zote apdeti zimezimwa kwa sababu hiyohiyo ya bando. Tarehe 14 Microsoft wakatoa kiraka (apdeti ya kuziba tundu) cha kasoro iliyopewa namba CVE-2020-0601, waliyoarifiwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Ilikuwa ndani ya crypt32.dll, faili ambalo Windows inalitumia kukagua vyeti.

Kwa sisi wa Dodoma nitaieleza kwa viwanja. Mpimaji anaanzia bikoni inayojulikana, anakwenda umbali fulani, anafika kwenye pembe ya kiwanja. Pembe kila mtu anaiona. Umbali ndiyo siri ya mwenye kiwanja. Kwenye cheti, pembe ni namba ya wazi, na umbali ni namba ya siri ya kutia saini. Windows ilikuwa inatazama pembe tu. Ikifanana na iliyoko kwenye kumbukumbu zake, imepita, bila kuuliza umeanzia bikoni ipi. Basi mhalifu anajichagulia mwanzo wake, hata palepale karibu na pembe, umbali anaujua, na saini yake inakubaliwa kana kwamba imetoka kwa mamlaka halisi ya vyeti. Hilo lilihusu vyeti vya aina moja ya hesabu, ile ya mkunjo wa duaradufu, lakini aina hiyo ilikuwa tayari imo kwenye orodha ya vyeti vinavyoaminika.

Kilichoninyima usingizi hasa ni saini za programu, zinazoonyesha programu imetoka kwa kampuni gani, kwani nazo zilikaguliwa kwa njia hiyohiyo. Pale ofisini flashi zilikuwa zinapita mkono kwa mkono, na mtu akiona jina la kampuni anayoijua, anabonyeza Yes.

Firefox ilinusurika kwa kuwa ina mkaguzi wake. Chrome ya wakati ule ilitegemea wa Windows. Mzee mmoja akashauri turudi Windows 7, maana haikuguswa na kasoro hiyo. Nikamwonyesha kwamba siku ileile, 14 Januari, ndiyo ilikuwa mwisho wa huduma yake.

Bando halikuwa kikwazo kama tulivyodhani. Nilishusha kiraka hicho, KB4528760, mara moja tu, usiku, kwa bando la usiku, nikaiweka kwenye flashi safi na kupita meza kwa meza. Kila moja nikafungua winver, dirisha linaloonyesha toleo la Windows, hadi nione namba 18363.592, dalili kwamba kiraka kimeingia. Ya mapokezi ilibaki 18363.418, yaani kiraka hakijaingia. Diski ilikuwa imejaa picha za sherehe. Nilizihamisha kwanza, ndipo ikakubali.

Kwako hali ni nzito zaidi: huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025. Kesho asubuhi fungua winver kwenye kila kompyuta, andika toleo na namba zote, uziweke hapa. Nitakuambia zipi zinaweza kupanda Windows 11 na zipi zisiguse tena mfumo wa malipo.