Maswali na majibu: Ukifika London, kapu ulipeleke wapi?

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya London. Vyuo vya huku hufunguliwa Septemba, na waliopata viza ya kuja kusalimia ndugu nao wameshaanza kufunga mabegi. Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia mashariki mwa jiji hili miaka mingi iliyopita, kwa hiyo najibu kama mtu wa kapu na basi. Mwenye dereva na kadi isiyo na kikomo hana haja ya ushauri wangu.

Shikamoo dada. Naanza shahada ya uzamili London mwezi wa tisa. Mjomba anasema koti la baridi nikanunue huko huko, mama anasema nichukue soko la mitumba la Karume kabla sijapanda ndege. Nimsikilize nani? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Marahaba mdogo wangu. Koti la kwanza msikilize mama, la pili mjomba.

Makoti mazito pale Karume bei yake ni ya kutupa, maana nani wa Dar anayalilia? Mengi yametoka huku huku Uingereza kwenye marobota. Lako litakuwa limekwenda kwa meli na kurudi kwa ndege, na hilo si kosa lake. Chagua lenye kofia, lifike chini ya nyonga, na kitambaa kisipitishe maji. London hunyesha kuliko inavyogandisha, na mwavuli hapa hupinduliwa na upepo siku ya kwanza tu. Septemba yenyewe si ya kutisha, sweta na koti jepesi vinatosha.

La pili, ingia maduka ya hisani. Ni maduka ya taasisi kama Oxfam, British Heart Foundation na Cancer Research UK: watu hutoa nguo zao bure, taasisi inaziuza, fedha zinaendesha kazi zake. Kwa lugha yetu ni mitumba iliyopigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Jambo la kujua ni kwamba nguo hufuata mtaa. Panda basi hadi Hampstead, Marylebone au Chelsea, wanakoishi wenye nazo, utakuta koti la sufu lililovaliwa msimu mmoja. Bei itazidi kidogo ya duka la mtaani kwangu, lakini koti litakufikisha kwenye mahafali. Ukikosa saizi yako, Primark kwa bei, Uniqlo kwa wepesi, Decathlon kwa mvua.

Usinunue koti kwa mtu aliyetandaza vitu kwenye kona. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua moja hivyo. Zipu ilikatika baada ya siku nne, na niliporudi pale kona nikakuta njiwa.

Nina Jumamosi moja tu London kabla ya kurudi. Nataka viatu vya watoto, nguo zangu na zawadi. Kila mtu ananiambia Oxford Street. (Mama wa watatu, Nairobi)

Nenda ukaione, nusu saa inakutosha. Tazama madirisha ya Selfridges, duka lililofunguliwa 1909, piga picha, kisha ondoka. Ni barabara ya kilomita mbili hivi, na Jumamosi mchana watu wanasukumana kama stendi siku ya kuamkia sikukuu. Tena wezi wa simu wanaipenda kuliko wanunuzi.

Ningekuwa wewe ningeshuka Stratford. Kituo cha treni kinakutemea mlangoni mwa Westfield, jengo kubwa la maduka, na maduka ya nguo mengi ya kule Oxford Street utayakuta humo, isipokuwa hapa kuna paa, vyoo, na mahali pa kumkalisha anayebeba mizigo. Likikuchosha, tembea kidogo hadi uwanja wa Olimpiki uliopo jirani. Ndipo David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 mwaka 2012. Kwa Mkenya nadhani hiyo ni zawadi kuliko kikombe chenye picha ya basi jekundu.

Kuhusu viatu, pima miguu ya watoto kwa sentimita kabla hujaondoka nyumbani. Namba za Uingereza si zile mlizozoea: 39 ya Ulaya hapa huandikwa 6, na 42 huandikwa 8. Mfuko wa kubebea unalipiwa, kuanzia peni 10, basi tia begi la kukunja ndani ya pochi.

Ni kweli mgeni anarudishiwa kodi uwanja wa ndege? (Msomaji, Kampala)

Ilikuwa kweli. Utaratibu huo ulikoma mwisho wa mwaka 2020 kwa England, Scotland na Wales. Asilimia 20 ya kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei unayoiona, na inabaki huku. Nafuu iliyobaki ni nguo na viatu vya watoto wadogo, ambavyo havitozwi kodi hiyo kabisa. Baadhi ya maduka makubwa hukuondolea ukikubali wakutumie mzigo moja kwa moja nchini kwako, ila gharama ya kusafirisha mara nyingi inameza ulichookoa.

Tumehamia huku na watoto wanakataa chakula. Supamaketi ya mtaani haina unga wa ugali, mchicha wala ndizi za kupika. Mnakula nini ninyi? (Baba, mashariki mwa London)

Ndugu yangu, swali hili nimelipenda kuliko yote.

Anza na Ridley Road, Dalston, mkabala na kituo cha Dalston Kingsland. Soko hufanyika Jumatatu hadi Jumamosi. Kuna mihogo, ndizi mbichi, magimbi, bamia, pilipili mbuzi, samaki wa kukaushwa na nyama iliyokatwa na mifupa yake. Kusini mwa mto Thames pana Rye Lane, Peckham, halafu Brixton. Pale Brixton usiache kupita Electric Avenue, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ndiyo barabara ya soko ya kwanza London kuwashwa taa za umeme, miaka ya 1880. Wewe uliye mashariki, Queen's Market kando ya kituo cha Upton Park ndiyo jirani yako. Uliza siku zake kabla hujatoka, kwa sababu haifunguliwi kila siku.

Wauzaji wengi ni watu wa Afrika Magharibi, Karibiani na Bara Hindi, kwa hiyo majina ndiyo yatakayokusumbua. Usiombe "unga wa sembe", omba mahindi meupe yaliyosagwa laini. Mara nyingi utapewa wa Afrika Kusini, na ugali wake hauna neno. Ukipewa wa njano umepotea, huo ni wa uji wa Kiitaliano. Mchicha huitwa callaloo kwa Wakaribiani. Ndizi zinataka jicho: plantain ni mkono wa tembo, na ukiisonga kama matoke utalia. Tafuta zilizoandikwa green banana, na ukibahatika matoke kwa jina lake. Dagaa wa Mwanza wanapatikana kwa bahati, na wakipatikana bei yake itakukumbusha nauli ya ndege.

Utakachokifurahia ni kwamba masoko haya huuza kwa mafungu. Siyo chini kwenye gunia kama kwetu, hutiwa kwenye mabakuli ya bati, nyanya bakuli, pilipili hoho bakuli, maembe bakuli, na bei imeandikwa kwenye kadibodi. Asubuhi usijisumbue kupunguziwa. Njoo saa kumi na moja jioni, wakati wanafunga, ndipo bakuli mbili zinapokuwa za bei ya moja na muuzaji anakuita "my darling" kama mlikua pamoja.

Kwa maziwa, mkate na sabuni, Lidl na Aldi. Ukiingia Tesco au Sainsbury's jiandikishe kadi yao ya bure, maana bei zimekuwa mbili, ya mwenye kadi na ya mjinga. Jioni tafuta vibandiko vya njano, ni vya bidhaa zinazokaribia kuisha muda. Kuku wangu wa Jumapili hununuliwa Jumamosi usiku.

Binti yangu anaolewa na nataka dhahabu. Nitakuwa kwa dada yangu London wiki mbili. Ninunue huko au nisubiri? (Mama, Mombasa)

Hongera mama, Mungu awape wema.

Watakupeleka Hatton Garden. Ni mtaa mzuri, lakini ni wa almasi na pete za uchumba za Kizungu, na dhahabu yake nyingi ni karati 9 na 18. Mwanamke wa Pwani akivishwa karati 9 majirani watajua kabla ya shehe kufika. Wewe nenda Green Street, Upton Park, au Southall magharibi mwa jiji. Kule ndiko Wahindi na Wapakistani wanakonunulia harusi zao, na karati 22 ndiyo lugha ya mtaa. Mitindo utaitambua: bangili, mikufu mizito, vipuli vya kuning'inia.

Uzuri wa huku ni alama. Kwa sheria ya mwaka 1973, kipande kinachozidi gramu moja hakiuzwi kwa jina la dhahabu bila kupigwa muhuri wa ofisi ya upimaji. Omba kioo cha kukuzia, tafuta namba: 916 ni karati 22, 750 ni 18, 375 ni 9. Kando yake kuna alama ya mji, kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham. Dai wakutenganishie bei ya gramu na ufundi. Ya gramu hufuata soko la siku hiyo na haibishaniwi sana, ufundi ndipo pa kupatana, na hapo usione haya.

Hata hivyo, ile asilimia 20 niliyomweleza msomaji wa Kampala imo pia kwenye bangili zako, nawe huirudishiwi. Dubai kodi ni asilimia 5 na mtalii anaweza kudai arudishiwe. Kama tiketi yako inapita huko, tazama mitindo Green Street, piga picha, nunua Dubai.

Miraa inapatikana wapi? (Kijana, Meru)

Haipatikani. Imepigwa marufuku tangu Juni 2014, na kuja nayo kwenye begi ni kosa la jinai. Kunywa chai.

Baba alifanya kazi meli zamani, amenipa noti za pauni 20 na 50 za karatasi. Nitazitumia dukani? (Msomaji, Zanzibar)

Dukani hapana. Noti za karatasi za 20 na 50 ziliacha kutumika 30 Septemba 2022, na zile ndogo miaka kadhaa kabla ya hapo. Lakini hazijafa: Benki Kuu ya Uingereza, Threadneedle Street, huzibadilisha wakati wowote. Nenda siku ya kazi, chukua pasipoti, uvumilie foleni. Za plastiki zenye picha ya Malkia bado ni halali pamoja na za Mfalme Charles zilizotoka 2024. Ila maduka mengi siku hizi yanataka kadi tu, na mabasi hayapokei fedha taslimu tangu 2014, kwa hiyo usibaki na noti peke yake.

Nataka vitenge na nina Jumapili tu. (Fundi cherehani, Kigoma)

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Shuka Liverpool Street au Aldgate East, tembea hadi Wentworth Street, kwenye soko linaloitwa Petticoat Lane. Pembeni kuna maduka ya vitenge na lesi, wateja wake wengi wakiwa Wanaijeria na Waghana, na vitenge huuzwa kwa yadi sita. Pindua kitambaa: rangi ikiwa kali pande zote mbili ni chapa ya nta, ikipauka nyuma ni ya kuiga. Jumamosi usiende, soko hulala.

Usipange mengine mengi siku hiyo. Sheria ya 1994 inaruhusu maduka makubwa kufungua kwa muda wa saa sita tu Jumapili, kwa kawaida saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, au kuanzia saa sita mchana. Kanga usitafute, sijawahi kuona duka linaloziuza hapa. Zangu zote zimekuja kwenye mabegi ya wageni, na ukija, ya rangi ya zambarau itapokelewa.