Saladi ya kale (yale majani magumu ya jamii ya sukuma wiki): matunda yasilale na majani!

Mleta mada, hilo nanasi liache na ganda lake mpaka Ijumaa. Usilikate Alhamisi. Na hiyo yogati irudishe kwenye friji kwanza, tuongee.

Umeandika kwamba kazini kwenu kila mtu analeta chakula, mko 25, na wewe unataka saladi ya kale ya kushibisha: kuku wa kuchambua, nanasi, papai, embe, yogati juu, vyote uchanganye Alhamisi usiku kwa kuwa Ijumaa unaingia shifti ya asubuhi. Na mchangiaji wa kwanza kakupigia makofi, eti "ikilala ndiyo inakolea". Ikilala ndiyo inakufa! Mimi nimeizika kwa mikono yangu.

Ilikuwa sherehe ya Muungano hapa Houston, kwenye bustani ya jiji. Kina mama walishagawana pilau, sambusa, mishkaki na maharage ya nazi. Mimi bachela nikataka kuonyesha kwamba wanaume nao wanajua kitu zaidi ya chipsi mayai. Nikaingia kwa dada mmoja wa video za mapishi ya afya. Simtaji, ana wafuasi wengi na mimi sina hela ya wakili. Alisema hivi: tumia tunda lolote ulilonalo, changanya, funika, weka kwenye friji, kesho itakuwa tamu maradufu. Tunda lolote! Mtu anashika kamera, taa tatu zinammulika, halafu anakwambia tunda lolote. Nikachukua nanasi bichi na papai, nikatia yogati, nikatia kuku, nikalala usingizi wa mtu mwenye amani.

Asubuhi nafunua. Chini ya bakuli kuna maji ya kijani na njano, kina cha vidole viwili, yanacheza ukitikisa. Yogati imekatika chembechembe. Papai limegeuka ute. Kuku ukimgusa kwa uma anaachia nyuzi, na ukimtia mdomoni hakuna cha kutafuna, ulimi tu unamsaga. Mtu mwenye akili angemwaga pale pale. Mimi nikajiambia huko ndiko kukolea kwenyewe. Nikachuja maji, nikanyunyiza komamanga juu ipendeze, nikapakia kwenye gari.

Aliyeanza kupakua alikuwa mama mmoja mtu mzima, wale unaowaamkia shikamoo kabla hawajashuka kwenye gari. Kijiko cha kwanza akatafuna, akasimama kidogo, akavuta kitambaa cha karatasi, akageukia pembeni kwa heshima zake zote. Halafu: "Mwanangu, humu umetia mwarobaini?" Hakusema kwa ubaya, ila alisema kwa sauti. Mpaka leo kuna watu hapa mjini hawajui jina nililopewa na baba yangu, wanajua Mwarobaini. Na kila kukiwa na shughuli napangiwa barafu na soda. Sawa, barafu haihitaji kuonjwa, na sherehe bila barafu Texas hii mngenikumbuka.

Nikaenda kusoma, na hapo ndipo hasira zilipopanda. Hivi wewe kwenu hamlainishi nyama ngumu kwa papai bichi? Sasa kwa nini ulidhani likiingia kwenye saladi litatulia? Papai lina papaini, nanasi lina bromelaini. Ni vimeng'enya vinavyokata protini, na kiwi nayo inacho cha kwake. Ukivifungia na kuku usiku kucha, vinamkata kuku. Ukivifungia na yogati, vinakata protini ya maziwa, na vile vipande vinavyobaki ndivyo vyenye uchungu. Kwa hiyo yogati haikuwa imeharibika dukani, na mimi sikuwa mchafu, kama shemeji yangu mmoja alivyotangaza.

Ongeza chumvi. Majani ya kale lazima uyasugue na chumvi, la sivyo watu watatafuna mpaka saa ya kwenda nyumbani. Chumvi hiyo hiyo ikikuta tunda lililokatwa inavuta maji yote nje. Ndiyo yale maji ya vidole viwili.

Yule dada sasa! Nimeirudia video yake. Anachanganya, anaonja palepale, anafumba macho, "mmmh", mwisho. Hiyo kesho aliyoiahidi haipo popote. Nikamwandikia kistaarabu kabisa kwenye maoni, akafuta. Waliobaki pale chini ni wa "asante dada, nitajaribu", hakuna hata mmoja aliyerudi kusema kimempata nini.

Kanuni ni moja tu: MAJANI USIKU, MATUNDA MEZANI.

Alhamisi usiku shughulika na majani peke yake. Chana, tupa vikonyo, kata membamba kwa upana ule ule wa sukuma wiki ya kulia ugali. Kila fungu litie chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta ya zeituni na ndimu, kisha sugua kwa mikono bila huruma mpaka rangi ikolee na lundo lipungue karibu nusu. Haya ndiyo yanayokolea yakilala, hapo mchangiaji wa kwanza kapatia bila kujua. Kale ni jani gumu, haliozi upesi kama letusi. Dengu za kopo nazo zilale humo humo, zinashibisha na hazina ugomvi na mtu.

Kuku chombo chake. Yogati chupa yake. Matunda chombo chake, na kama huna chombo tia kwenye mfuko wa zipu. Vyote viingie friji la kazini. Vinakutana watu wakishashika sahani, si dakika moja kabla. Ukiona foleni haijaanza, tulia.

Ukishindwa kabisa kuachana na nanasi, tumia la kopo, limeshapita kwenye moto kiwandani na moto unaua hicho kimeng'enya. Au kata bichi ulikaange kwenye kikaango kikavu mpaka lishike rangi. Ila kwa ushauri wangu tumia matufaha yaliyopakwa ndimu na zabibu nzima usizozikata. Ndizi usinitajie.

Karanga na korosho weka pembeni kwenye kibakuli, na kikaratasi juu. Wafanyakazi wenzio hujui nani ana mzio, na huko kazini usingependa jina lako liingie kwenye ripoti. Na chakula kikishakaa mezani kwa muda wa saa 2, kilichobaki kinarudi friji au kinamwagwa. Mkila nje na joto likazidi nyuzi 32 za Selsiasi, ni muda wa saa 1 tu.

Kwa watu 25, mafungu makubwa manne yanatosha, maana wengi watakimbilia nyama kwanza. Uliuliza pia kama sukuma wiki inaweza kuchukua nafasi ya kale. Inaweza, sugua muda mrefu zaidi. Kulikuwa na swali la bei na lingine la sahani, nimeyapoteza, uzi umeshakuwa mrefu na break yangu inaisha. Muulize yule mchangiaji wa kwanza. Ila akianza habari za yogati na nanasi, ruka hiyo aya.