Shangazi, mwalimu ana siri gani na binti yangu?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, jioni nauza mihogo ya kukaanga na samaki. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nafua sare yake, nikakuta kikaratasi kwenye mfuko wa sketi: "Jumatano saa 8 mchana, ofisi ya unasihi." Nilipomuuliza akasema si kitu. Nikamuuliza tena, akalia. Nikafunga biashara nikaenda shuleni. Mwalimu, mama mtu mzima, alinipokea vizuri, akanipa kiti, lakini nilipotaka kujua mwanangu anasema nini humo ndani akanijibu: "Mama, hayo ni yake. Akiwa tayari atakwambia, na mimi nitamsaidia akwambie." Shangazi, nimembeba tumboni miezi 9, leo mtu baki anayajua ya mwanangu mimi siyajui? Baba yake ndiyo kabisa. Anasema hiyo ni mimba au kuna mwanamume, na kwamba shule inamfundisha mtoto kuficha wazazi, kwa hiyo ahamie kwa bibi yake Lushoto mwezi huuhuu. Mimi silali. Mwalimu ana haki ya kumficha mzazi?
Mama Kinyongo, Tanga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Jibu la haraka nikupe ili upumue: ndiyo, mwalimu ana haki ya kunyamaza. Ila haki hiyo ina mpaka, na huo mpaka ndio utakaokutuliza kidogo. Lushoto isubiri.

Sasa nikuulize mimi. Ulipovunja ungo, nani alikufunda? Kama umekulia Tanga hii ninayoijua, hakuwa mama yako. Alikuwa somo, yule mwanamke wa kumfunda mwali. Mama alipika, alitoa kanga, akakaa ukumbini akisubiri. Wewe kule chumbani ulimuuliza somo maswali ambayo usingethubutu kumuuliza mama yako huku mnatazamana. Na somo alipotoka hakwenda jikoni kumsimulia mama neno kwa neno. Hakuna aliyesema somo kamwibia mtu mtoto. Wazee walishaona kwamba yako mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema kwa aliyemzaa, si kwa sababu hampendi, bali kwa sababu anampenda mno na anaogopa kumwona uso ukibadilika. (Sisemi yote tuliyofundwa yalikuwa na maana. Mengine mpaka leo najitahidi kuyasahau.)

Kazi hiyo ya somo ndiyo serikali ilijaribu kuipa mlango shuleni. Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma ya ushauri na unasihi, yaani mtoto kusikilizwa na kushauriwa faraghani, itolewe mashuleni na kwenye vyuo vya ualimu. Kuagiza ni rahisi. Mimi nilikuwa mwalimu, na nilipokabidhiwa kazi hiyo, ofisi yangu ilikuwa pembe ya stoo, kati ya ramani ya Afrika iliyoliwa na mende na maboksi ya chaki. Mlango haukufunga, nikawa nauegemeza jiwe. Vipindi vyangu vya Kiswahili havikupunguzwa hata kimoja. Mafunzo niliyopewa ni semina ya siku 2, na ya kwanza iliishia kwenye ufunguzi na picha ya pamoja. Wanafunzi wakawa wanakuja wakati wa mapumziko, mbele ya macho ya shule nzima, mtoto anaanza kulia na kengele inalia. Kwa hiyo nikisikia mwalimu anayempangia mtoto siku na saa, tena kwa maandishi, tena baada ya vipindi wakati wenzake wameshaelekea nyumbani, mimi huyo nimempenda kabla sijamjua.

Najua unachotaka kuniuliza: basi watoto wanapeleka nini pale? Mwanangu, mengi yake hata si siri za kutisha. Mmoja hana pedi, kwa hiyo siku nne kila mwezi haji. Mwingine anatembea mbali, dereva wa bodaboda anampa lifti ya bure kila asubuhi na sasa ameanza kumdai "shukrani". Yupo aliyefiwa na nyumbani hakuna anayetaja jina la marehemu. Na wapo wengi, wengi sana, waliosoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, wakaingia kidato cha kwanza karibu kila somo likageuka Kiingereza, wakanyamaza. Wakiitwa wajinga mara tatu wanaamini.

Kuna binti mmoja nilimkamata kwa kunakili. Daftari lake na la jirani yake wa dawati yalikuwa na kosa moja, palepale, herufi ileile imerukwa. Nikajiambia Kiingereza kimemshinda, anaiga asichokielewa. Alikuja stoo wiki tatu, tukazungumza habari za paka wao na mpira wa pete. Wiki ya nne akaniambia haoni ubao. Alikuwa anaandika kwa kuchungulia daftari la mwenzake. Kwa nini hukusema nyumbani? Kwa sababu mama yake alikuwa anamalizia deni la hospitali ya mdogo wake, na yeye alishasikia bei ya miwani. Alikuwa anamlinda mama yake. Fikiri hapo kidogo kabla hujamwona mwanao ni mtoto wa kuficha.

Huyo nilimfaa. Mwingine nilimharibia, na ndiyo sababu naandika barua ndefu hivi.

Alikuwa kidato cha tatu. Aliniambia anafikiria kuacha shule akafanye kazi za ndani Dar es Salaam, kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa na jikoni hakuna kitu. Jumamosi yake nikakutana na mama yake sokoni, kwenye mafungu ya nyanya. Kwa nia safi kabisa nikamvuta pembeni: "Mama fulani, zungumza na mwanao, anataka kuacha shule." Naye kwa nia safi kabisa akaenda kuzungumza naye, jioni, kwa sauti, mbele ya wadogo zake. Jumatano iliyofuata kiti kilikuwa kitupu. Na Jumatano ya pili. Tukipishana koridoni ananipa "shikamoo mwalimu" huku anatazama sakafu. Haikuishia kwake. Rafiki zake wawili waliokuwa wanakuja nao wakakata mguu. Kufika Ijumaa shule nzima ilikuwa inajua kwamba stoo ina mdomo. Binti alimaliza kidato cha nne, namshukuru Mungu, lakini si kwa msaada wangu.

Mwalimu wa mwanao anakukatalia wewe leo ili asipoteze watoto wote kesho.

Nilikwambia kuna mpaka, nao ni huu. Mwalimu akisikia mtoto anaumizwa, anaingiliwa, au anataka kujidhuru, hapo siri imekwisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mwalimu naye ni mwanajamii. Kuna ofisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Mnasihi mzuri humwambia mtoto haya mapema, kabla hajafungua mdomo: nitakutunzia, ila likiwa la kukudhuru sitakaa nalo peke yangu. Kwa hiyo mwalimu aliyekupa kiti, akaongea nawe kwa upole na kuahidi kumsaidia binti akwambie, mara nyingi ana jambo la kawaida mkononi, zito kwa mtoto lakini si moto.

Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara. Na usinichukie kwa hili: hatari ikiwa ndani ya nyumba, mzazi anaweza kuwa wa mwisho kuambiwa. Sisemi kwako kuko hivyo, sikujui. Nasema usiku huohuo usiolala, jiulize peke yako: nani anaingia na kutoka kwangu? Yuko mjomba, mpangaji, kijana wa tuisheni? Kuna mtu ambaye mtoto huyu akimwona anahama chumba? Kama hakuna, vizuri. Kama yupo, usimngoje mwalimu wala Jumatano. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, na hata mzazi anaipiga.

Tuje kwa baba watoto. Huyu amefunga hesabu kabla ya kuhesabu. Msichana kulia akiulizwa swali mara ya pili si kipimo cha mimba. Na hebu tuseme ingekuwa hivyo, Mungu apishe mbali: kumficha Lushoto kungesaidia nini? Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni baada ya kujifungua, na waraka wake upo. Enzi za kumzika mtoto angali hai kwa sababu ya tumbo zimepita, au tuseme zingepaswa kuwa zimepita. Tena binti yuko kidato cha pili. Novemba ana upimaji wa kitaifa, na akifeli anarudia mwaka. Ukimng'oa sasa, kule aendako ataanza na walimu wapya, marafiki wapya, na funzo moja atakalolibeba maisha: ukimwambia mtu mzima jambo lako, unafungashiwa begi.

Mumeo usimshinde kwa maneno. Nenda naye shuleni, mkae wote wawili, na mumuulize mwalimu maswali anayoweza kuyajibu bila kumvunjia mtoto siri. Mwanetu yuko salama? Kuna kitu cha kubadilisha nyumbani? Tukuone lini tena? Akiwa mwalimu anayejua kazi, atawajibu yote matatu na baba atatoka na kitu mkononi. Wanaume wengi hasira yao ni kukosa cha kufanya.

Liko na swali la nne, nalo ndilo ningeliweka mbele kama ningekuwa mimi: mwalimu huyu wa unasihi ndiye huyohuyo wa nidhamu? Shule nyingi kazi hizi mbili wanambebesha mtu mmoja kwa uhaba wa walimu, na mimi naliona ni kosa kubwa kuliko hata stoo yangu ya mende. Kanuni za adhabu ya viboko zinampa mkuu wa shule fimbo, au mwalimu aliyemteua, na mara nyingi mteuliwa ni huyo wa nidhamu. Mtoto hamfungulii moyo Jumatano mtu aliyemchapa Jumatatu. Atakaa kwenye kiti, atasema "ndiyo mwalimu", atatoka. Ukikuta ni mtu mmoja, una haki ya kuomba binti asikilizwe na mwalimu mwingine, na uombe kwa adabu lakini usitoke bila jibu.

Sasa wewe mwenyewe. Uliandika "nimembeba tumboni miezi 9". Mwanangu, huo ni wivu. Sikusemi vibaya, nami niliwahi kumwonea wivu mke wa mchungaji kwa sababu binti yangu alimpenda. Lakini mtoto anaunusa wivu kama anavyonusa mafuta ya taa, na anakaa mbali.

Usimkalishe kitako kwa kikao. Kikao kinamfunga mtu mzima, sembuse mtoto. Mpe nazi akune, wewe chambua mchele pembeni yake, mkitazama upande mmoja. Mwambie mara moja tu: "Kile kikaratasi nilikikuta nikifua, nikakuuliza kwa ukali, samahani. Jumatano nenda, sitakuuliza." Halafu usiulize kweli. Sijui atachukua wiki ngapi. Wangu alichukua mwezi na nusu, na alipoanza kusema nilikuwa na sabuni machoni.

Jambo la mwisho, dogo. Unauza mihogo jioni, kwa hiyo saa 8 mchana nadhani ndiyo saa ya kumenya, na nadhani anayemenya ni yeye. Pengine kikaratasi kilifichwa kwa sababu hiyo tu: alijua atakayekosekana Jumatano atatafutwa. Tafuta mtu mwingine wa kumenya siku hiyo, na umwambie binti leo, kabla hajaanza kutunga sababu.