Kwetu Usambaa mfalme alidaiwa mvua

Swali la wiki hii linauliza wafalme wa zamani walitawala kwa mikuki ama kwa imani za watu. Mi natokea Lushoto, kwenye milima ya Usambara, nchi ya Wasambaa, na kwetu hivyo havikuwa vitu viwili.

Bibi yangu mzaa baba alilima migomba na maharage mlimani. Vuli ikichelewa alikuwa anasimama mlangoni jembe mkononi, anaangalia mawingu wee, halafu anasema nchi imeharibika. Mi nikajua anaongelea hali ya hewa, kumbe anaongelea utawala! Kisambaa kina kubana shi, yaani kuharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya, na mwenye dawa ya mvua anayaweza yote mawili. Wakiwa wakubwa wawili wanagombania kiti, kila mmoja anaizuia mvua ya mwenzie ili aonekane hafai, wananchi wanakufa njaa. Ila akishakuwa mmoja aliyewashinda wote, nchi yake, watu wake, akiiharibu anajiharibia mwenyewe. Ndo maana watu walikuwa wanapeleka mifugo na chakula Vuga, makao ya mfalme, na wakamwita mfalme Simba Mwene, toka enzi za Mbegha, mfalme wa kwanza, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu akawaulia simba.

Najua kuna watakaosema ushirikina tu huo. Haya, angalieni mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, lakini mtoto wa Kimweri, Semboja, alikuwa kakaa Mazinde kule chini kwenye njia ya misafara anakusanya bunduki, na 1868 akamfukuza Shekulwavu Vuga. Vita ikawaka, watu wakawa wanakamatwa wanauzwa utumwani bandari ya Pangani, mashamba yakabaki pori. Sasa mtu anaogopa hata kutoka kwenda kulima, mvua hata ikinyesha itamsaidia nini? Wazee waliliona hilo kwa macho yao.

Mwingereza ndo aliharibu kabisa, maana machifu wakageuzwa watu wa kusimamia amri za bomani, miaka ya hamsini wanalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Bibi aliyachimba hayo matuta na mgongo ulimuuma mpaka uzeeni. Uchifu ulipofutwa 1963 hakumsikitikia chifu hata kidogo. Ila vuli ikikataa alikuwa anatuuliza sisi wajukuu, tena hatanii, sasa hivi mvua tukamdai nani?