Fetisov "aligeuka mwanasiasa" au "aliingia kwenye siasa"?

Msomaji mmoja anayeandika makala za michezo kaniuliza hivi: "Naandika kuhusu Vyacheslav Fetisov, yule Mrusi wa hoki ya barafuni ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge. Nimeanza na 'Fetisov ni mchezaji aliyegeuka mwanasiasa aliyecheza kwa CSKA Moscow na Detroit Red Wings'. Mwenzangu anasema haikai sawa ila hawezi kuniambia kwa nini. Tatizo liko wapi?"

Mwenzako ana sikio zuri. Tuanze na hiyo "aliyegeuka" maana ndo mzizi wenyewe. Kwa Kiswahili kitu kikigeuka kingine, kile cha mwanzo kinakuwa hakipo tena: maji yanageuka barafu, mtu kwenye hadithi anageuka nyoka, na wewe msikilizaji unajua yule mtu uliyekuwa nae kashaondoka. Sasa Fetisov hakuondoka hokini hata siku moja. Kashakuwa mkubwa serikalini na bado Desemba 2009, ana miaka 51, akavaa tena jezi ya CSKA akacheza mechi moja dhidi ya SKA ya St. Petersburg! Mtu wa namna hiyo huwezi kusema kageuka, kaongeza kazi tu juu ya kazi.

Halafu kuna maana ya pili, na kwa habari ya huyu bwana ndo ya hatari zaidi. Kumgeuka mtu ni kumsaliti, yaani jana tulikuwa pamoja leo umeninyooshea kidole. Na Fetisov kweli aliwahi kugombana na wakubwa zake, na ugomvi wenyewe haukuwa mdogo. CSKA ilikuwa klabu ya jeshi, wachezaji walikuwa wanajeshi kwa cheo, kocha Viktor Tikhonov alikuwa anawaweka kambini sehemu kubwa ya mwaka mbali na familia zao, na Fetisov aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Umoja wa Kisovyeti akawa anataka ruhusa ya kwenda kucheza Amerika Kaskazini, tena kwa masharti yake, sio serikali ichukue sehemu kubwa ya mshahara. Akawekwa pembeni. Wachezaji wenzake wakasimama nae hadharani mpaka akarudishwa timu ya taifa kwenye ubingwa wa dunia wa 1989, na mwaka huohuo akaenda zake New Jersey Devils, klabu ya Marekani. Msomaji anayeijua hii habari akikuta neno "geuka" kwenye sentensi ya kwanza anaweza kudhani unataka kusema Fetisov aliigeuka nchi yake, kitu ambacho wewe hujakikusudia kabisa.

Tatizo la pili kwenye sentensi yako ni kurundika "aliye" juu ya "aliye". "Mchezaji aliyegeuka mwanasiasa aliyecheza kwa CSKA": sasa nani alicheza, mchezaji au mwanasiasa? Sikio linashika lile jina la karibu, kwa hiyo inasikika kama kuna mwanasiasa alikuwa anachezea CSKA huku ana wadhifa wake. Kiswahili hakihitaji kumbebesha mtu maisha yake yote kwenye sentensi moja namna hiyo, tuna "-ka-" ya kusimulia na ndo kazi yake hii. Andika: "Fetisov aliichezea CSKA Moscow, akaenda Marekani, akabeba Kombe la Stanley mara mbili na Detroit Red Wings mwaka 1997 na 1998, akastaafu, kisha akarudi Urusi na kuingia kwenye siasa." Soma kwa sauti utaona inavyoteremka, kila tendo linaliita lingine na hakuna hata "aliye" moja. (Kombe la Stanley ndo ubingwa wa ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini.)

Umeona pia hapo nimeandika "aliichezea CSKA" sio "alicheza kwa CSKA". Watangazaji wetu wa mpira wanasema fulani anaichezea Yanga, anaichezea Gor Mahia, na wako sahihi, maana hiyo "-ea" tayari imeshabeba maana ya "kwa ajili ya" kwa hiyo "kwa" haina kazi tena. Kuna wanaoogopa kwa sababu kuchezea simu ni kuibonyezabonyeza bila mpango, lakini timu ikishatajwa hakuna msomaji atakayechanganya.

Ukifika 1995, Devils walipompeleka Detroit, usiandike "aliuzwa". Kwetu mchezaji akiuzwa pesa zimetoka, wakati kule Devils walipewa nafasi ya kuchagua chipukizi, ni kubadilishana. Sema "alipelekwa Detroit kwa kubadilishana". Na kwenye kustaafu kwake 1998 usiweke "alitundika daluga", daluga ni viatu vya mpira wa miguu, huyu alikuwa anavaa viatu vya kutelezea barafuni, "alistaafu kucheza" inatosha.

Sasa siasa, na hapa naomba uwe makini kuliko sehemu nyingine zote kwa sababu neno moja likikosewa unakuwa umempa msomaji habari ya uongo. Mwaka 2002, baada ya kuifundisha Urusi ikapata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Fetisov aliteuliwa na Rais Putin kusimamia michezo nchini, kazi aliyokaa nayo mpaka 2008. Aliteuliwa. Mwaka huo wa 2008 akawa seneta kwenye Baraza la Shirikisho, yaani bunge la juu la Urusi, akiwakilisha Primorsky Krai, kule mashariki ya mbali, na hapo usiandike "alichaguliwa na wananchi" kwa sababu useneta wa Urusi haukuwa wa kupigiwa kura na wananchi wa jimbo kama ule wa Kenya, na msomaji wako wa Nakuru au Mombasa akisikia seneta atajua moja kwa moja ni kura ya kaunti, kwa hiyo mfafanulie. Mwaka 2016 ndo akachaguliwa kuingia Duma, yaani bunge la chini, kwa tiketi ya Yedinaya Rossiya, chama tawala, na 2021 akachaguliwa tena. Hapo "alichaguliwa" ni halali maana kulikuwa na uchaguzi mkuu wa wabunge. Watanzania tunaijua vizuri tofauti ya mbunge wa kuteuliwa na mbunge wa jimbo, tusiitupe tunapoandika habari za watu wengine.

"Hoki ya barafuni" uliyoandika iache hivyohivyo. Ukiandika "mpira wa magongo" peke yake wengi wataona ule wa uwanja wa nyasi.

Na kama unataka kichwa cha habari kifupi bila hiyo "geuka", weka "Fetisov: Kutoka beki wa CSKA hadi mbunge wa Duma", halafu aya ya kwanza anza na 1958 alipozaliwa Moscow, teremka na "-ka-" zako.