“Baada ya saa 8”: kwa mfamasia anayeanza kazi Lamu

Mwaka wangu wa kwanza Lamu, mama mmoja alikuja na mwanawe wa miaka minne aliyepimwa akakutwa na malaria. Nilimpima uzito, kilo 16, nikatoa AL, dawa ya malaria yenye artemetha na lumefantrini: vidonge viwili kwa kila dozi, siku tatu. Dozi ya kwanza ilimezwa mbele yangu saa nne asubuhi. Juu ya paketi nikaandika kwa mkono wangu: “Dozi ya pili baada ya saa 8.” Nilikusudia upite muda wa saa nane, yaani ampe saa kumi na mbili jioni. Mama akasoma kilichoandikwa: ikishapita saa nane. Saa nane na dakika chache mchana mtoto akapewa vidonge viwili vingine. Jioni yote alitapika, usiku akapelekwa hospitali, akaangaliwa hadi asubuhi. Alipona. Mama yule hakukosea hata kidogo. Nilikosea mimi, tena kwa Kiswahili kisicho na kasoro.

Nawaandikia ninyi mnaoshuka gatini na vyeti vyenu vipya, kwa sababu hili halikuwamo katika mtihani wangu wa famakolojia. Nilijua AL hutolewa mara sita, nilijua dozi ya pili ni muda wa saa nane baada ya ya kwanza. Nilichokuwa sijui ni namna maneno yangu yatakavyosomwa chumbani, mtaa wa Mkomani, na mtu mwenye mtoto anayechemka mapajani.

Siku hizi sitaji muda tu, nataja na wakati wenyewe: “Leo jioni saa kumi na mbili, kabla ya adhana ya Magharibi. Kesho na kesho kutwa, asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi na mbili.” Na kwa AL nasema ampe na chakula chenye mafuta, maziwa au wali wa nazi, kwa kuwa dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta. Lebo zinazotoka kwenye kompyuta zikiwa na 8 asubuhi na 8 usiku kwa saa za Kizungu, zisahihishe kwa kalamu. Kwa bibi anayesoma Kiswahili tangu madrasa, 8 ni saa nane.

Kisha usimwulize mtu “umeelewa?” Watu wa hapa wana adabu, na hakuna atakayekuambia hukueleza vizuri. Sema: “Hebu niambie, ukifika nyumbani utampa vipi?” Kuna mzee wa Matondoni, mgonjwa wa presha, aliyenijibu swali hilo kwa kunyoosha mkono na kusema, “Mwanangu, mato yangu hayaoni maandiko haya.” Miezi mitano alikuwa akichukua dawa kwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tukamfungia amlodipini, dawa yake ya presha, kwa kipande cha uzi mwekundu na dawa yake nyingine tukaiacha bila uzi. Mjukuu wake akaelezwa pia, kwa idhini yake mzee.

Hiyo idhini ni jambo zito kuliko mnavyodhani. Mji huu vichochoro vyake ni vyembamba, baraza la jirani liko hatua tatu kutoka mlangoni, na kila anayengoja nyuma ya mgonjwa huenda ni shemeji yake. Msichana akija kuuliza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mwanamume akija na kadi ya ARV, usirudie jina la dawa kwa sauti. Toka nyuma ya meza, msogelee, au mwingize ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakufunga, lakini hata isingekuwepo, siri ikitoka dukani kwako mara moja, wagonjwa wa aina hiyo hawatakuja tena. Watapanda boti waende Mokowe, upande wa bara, na mbele zaidi, au watakaa bila dawa.

Kuhusu leseni sitarefusha. Kazi yetu inaongozwa na Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, na inasimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Leseni yako ya kila mwaka ina jina lako. Mwenye duka anaweza kuwa mfanyabiashara mwema, lakini akikuambia umuuzie kijana tramadoli, dawa kali ya maumivu, bila cheti cha daktari kwa kuwa “ni mteja wetu,” atakayejibu ni wewe. Kataa kwa upole, na kataa kila mara, maana ukikubali siku moja vijana watapashana habari kabla ya Isha. Morfini na pethidini zina kabati lake la kufuli na daftari lake. Hesabu ilingane kila zamu, na isipolingana usiende nyumbani.

Sasa nije kwenye vitabu. Nilipoanza niliona aibu kufungua kitabu mbele ya mgonjwa. Nilidhani atasema huyu hajui. Kwa hiyo nilikuwa najibu kutoka kichwani, na kichwa cha mfamasia saa sita mchana, foleni imefika nje, si mahali pa kutegemea. Mgonjwa akikuona unasoma kabla ya kumpa mwanawe dawa, anatulia. Nimeona hivyo kwa miaka mingi. Sema tu, “Ningoje kidogo mama, nahakikisha.”

BNF, kitabu cha marejeo ya dawa na dozi zake, iwe karibu na mkono, na ile ya watoto kando yake. Ya watu wazima hutoka mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nakala iliyoachwa na mtu aliyekuwepo miaka minane nyuma si ya kuaminiwa kwa kila kitu. Kumbuka pia imeandikwa kwa Uingereza: kilichomo humo huenda hakipo kwetu, na tiba ya malaria ifuate miongozo ya Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na Orodha ya Dawa Muhimu ya taifa. Kwa mtoto mgonjwa mahututi kuna kile kijitabu cha wizara cha matibabu ya watoto, kidogo cha kuingia mfukoni. Kwa mama anayenyonyesha tumia LactMed, hifadhidata ya bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani; inakuambia dawa inaingia kwenye maziwa kiasi gani na kuna madhara gani yaliyoonekana kwa mtoto. Wanawake wengi wa hapa wameachishwa kunyonyesha bure kwa sababu mtu kaunta aliona heri aseme “acha” kuliko kutafuta. Kwa antibayotiki, angalia mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2017, unaotenga dawa za kuanza nazo, za kuangaliwa na za akiba. Na karatasi iliyomo ndani ya paketi isomeni, hasa sehemu ya uhifadhi.

Uhifadhi Lamu ni nusu ya kazi. Dawa zinavuka kwa boti kutoka Mokowe, zinapakiwa juu ya punda au mkokoteni, na kati ya hapo huweza kukaa gatini juani. Nenda mwenyewe ukaipokee insulini. Inataka nyuzi 2 hadi 8, lakini hatari ambayo wageni huisahau ni barafu: kichupa kikigusa barafu kikaganda, kimekufa, hata kikiyeyuka kikaonekana kisafi. Tenganisha kwa kitambaa au kadibodi. Kipimajoto cha friji kisomwe asubuhi na jioni, kiandikwe, na umeme ukikatika usifungue mlango kuangalia. Mgonjwa anayerudi Kizingitini ambako hana friji, mfundishe mtungi: chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, mahali penye upepo. Haufikii baridi ya friji, lakini kwa kichupa anachokitumia unamwepusha na joto la bati.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani anzeni kuwauliza wagonjwa wa sukari kama watafunga. Msingoje siku ya kwanza. Mwenye glibenklamidi au insulini arudi kwa daktari dozi zipangwe upya baina ya futari na daku. Si kazi yetu kupanga kwa kukisia, na si kazi yetu kumkataza mtu saumu yake kwa ukali. Kazi yetu ni kuhakikisha ana kipimo, na anajua kwamba sukari ikishuka chini ya 70 (mg/dL), au 3.9 (mmol/L) kwa mashine za aina nyingine, anafungua hapo hapo, hata ikibaki nusu saa adhana itoke. Waambieni na jamaa zake, kwa sababu sukari ikishuka yeye mwenyewe huenda asiweze kuamua.

Mgonjwa akirudi na vipele baada ya dawa ya salfa, usimbadilishie tu ukaishia hapo. Jaza fomu ya njano ya Bodi. Dawa ikiwa imebadilika rangi, au vidonge vinavunjika mkononi, hiyo ni fomu ya pinki. Wengi hatujazi kwa kuona ni kisa kimoja tu kisiwani. Bodi haiwezi kujua kwamba visa ni vingi ikiwa kila mmoja anakaa na chake.

Jambo langu la mwisho ni daftari. Kila swali nililoshindwa kulijibu siku hiyo naliandika, na jibu nililolipata, na nililipata wapi, kisha namtafuta aliyeuliza. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika “Baada ya saa 8,” na tarehe. Mkija kwangu Langoni, liulizeni. Liko chini ya meza, kando ya mizani ya watoto.