Usifungue Kabureta Bado: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari ya Zamani

Barua za safari hii zimetoka kwa watu walionunua au kurithi magari ya zamani na sasa wanajifunza kuyatengeneza wenyewe. Karibu zote zinailaumu kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Tunaomba mwenye gari aipe nafasi ya kujitetea. Kabureta ikifunguliwa bila sababu hurudi na gasketi iliyochanika na skrubu zilizosogezwa, na ugonjwa wa kwanza bado upo palepale.

Nimenunua pikapu aina ya Datsun 1200 iliyokaa miaka miwili bila kutembea. Nikimimina petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta inawaka, inanguruma sekunde tano, inazima. Nimeambiwa ninunue kabureta nyingine. Ninunue? (Msomaji, Morogoro)

Usinunue kitu kwanza. Gari limeshakujibu nusu ya swali: likiwaka kwa petroli ya kumiminiwa, basi cheche ipo, taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, haijapotea sana, na mgandamizo unatosha. Kinachokosekana ni petroli, na kazi yako ni kujua imekwama kabla ya kabureta au ndani yake.

Kabureta ya Hitachi ya gari hilo ina kidirisha cha kioo ubavuni mwa chumba cha floti (boya linalosimamia kiwango cha petroli), chenye alama ya usawa. Piga stata sekunde kumi, kisha angalia. Kama kioo kimechafuka, toa kifuniko cha ea klina (kichujio cha hewa), chungulia kwenye koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, na uvute mkono wa mafuta kwa kidole. Unapaswa kuona mstari mwembamba wa petroli ukirushwa ndani. Usiporushwa, huenda chumba ni kikavu, ingawa gari lililokaa muda mrefu hukausha pia kipistoni cha pampu ndogo ya kabureta inayorusha mstari huo. Kioo ndicho shahidi bora, hivyo kisafishe.

Chumba kikiwa kikavu, chomoa mpira unaoingiza petroli kwenye kabureta na uelekeze kwenye chupa. Chomoa pia waya mwembamba wa upande wa chanya wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), ili pasiwe na cheche popote wakati petroli iko wazi. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa baridi, pasiwe na sigara, na kizima moto cha poda kiwe karibu na mkono. Piga stata sekunde 15. Pampu ya petroli ikiwa nzima hutema kwa mapigo yanayoonekana.

Isipotema, usiihukumu bado. Chomoa mpira unaotoka kwenye tangi, na kwenye mdomo uleule wa pampu chomeka mpira mpya unaozama kwenye galoni safi lenye lita moja ya petroli. Ikivuta sasa, pampu haina kosa na tatizo liko nyuma: filta, mabomba, au tangi lenyewe. Mpira wenye nyufa upande huo hauvujishi kila mara. Pampu ikivuta, ufa huingiza hewa badala ya petroli, na mtu anayetafuta tone chini ya gari hataliona. Badilisha mipira yote, ni ya bei ndogo. Kagua pia kitundu cha hewa cha mfuniko wa tangi. Kikiziba, petroli inayotoka haipati hewa ya kujaza nafasi yake, na baada ya muda pampu hushindwa kuvuta. Ukifungua mfuniko gari likiwa limezima, ukasikia hewa ikiingia kwa nguvu, umemkamata mwizi.

Petroli ya miaka miwili imwage yote. Ikinuka kama vanishi, imeshaacha utando wa gundi kila ilipopita.

Kama kioo kinaonyesha chumba kimejaa na gari bado linazima, hapo ndipo tunakubali kabureta ifunguliwe, maana jeti, yaani vipande vyenye vitundu vinavyopimia petroli, zimeziba. Piga picha kila hatua. Kabureta hiyo ina makoo mawili, na jeti ya koo la kwanza si sawa na ya koo la pili: ukizibadilishana, gari litawaka lakini halitatembea vizuri. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa jeti sawasawa, kwa kuwa shaba ni laini na huvunjika kingo. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, puliza kwa hewa ya kompresa, kisha tazama tundu dhidi ya mwanga. Linapaswa kuwa duara safi.

Je, jeti naweza kuizibua kwa waya wa breki ya baiskeli? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Namba iliyochongwa kwenye jeti za aina nyingi ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: jeti 100 ina tundu la milimita moja. Waya wa chuma ukikwangua sehemu tano tu za mia, umeshatengeneza jeti 105, na hakuna skrubu itakayokurekebishia hilo. Unywele mmoja wa plastiki wa brashi unatosha kusukuma uchafu uliokwisha kuloweka.

Peugeot 504 yangu hutembea vizuri asubuhi. Ikikaa kwenye foleni mchana inakohoa, inazima, na haiwaki mpaka nusu saa ipite. Kabureta imeshasafishwa mara mbili. (Msomaji, Dar es Salaam)

Pole kwa gharama. Ugonjwa wa joto hupimwa gari likiwa bado gonjwa. Ukisubiri lipoe, kila kitu kitaonekana kizima.

Weka plagi moja ya akiba kwenye gari. Likizima tu, vuta waya wa plagi mmoja, chomeka plagi ya akiba, igusishe na chuma cha injini mbali na kabureta, na mtu apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano na nyembamba, au kutokuwepo kabisa, inakupeleka kwenye kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi) na koili. Kondensa huweza kufa kwa joto na kufufuka kwa baridi, na ikifa huacha pointi, yaani swichi ndogo ya kukata umeme iliyo ndani ya distribyuta (kigawa cheche cha plagi), zikiungua. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo anza nayo.

Koili ipime kwa mita. Koili ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje huwa na takriban ohmu 3 kati ya vituo vyake viwili vidogo, na ya rezista huwa na karibu 1.5. Hapa pana kosa linalotesa watu wengi: mtu ananunua koili ya 1.5, anaifunga kwenye gari lisilo na rezista, inapitisha umeme karibu mara mbili, inachemka hadi haishikiki, na pointi zinaungua. Ukikuta hivyo, badilisha koili au funga rezista yake.

Cheche ikiwa nzima, vuta mkono wa mafuta na uchungulie kwenye koo kama tulivyoeleza hapo juu. Kusiporushwa kitu, petroli imegeuka mvuke kwenye bomba au kwenye pampu. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, usikifikishe kwenye waya za plagi. Likiwaka ndani ya dakika chache, jibu umepata. Dawa ni kulihamisha bomba la petroli mbali na manifodi ya moshi na kuhakikisha kile kipande kinene cha kukinga joto chini ya kabureta kipo. Mara nyingi mtu aliyefungua kabureta zamani alikiacha mezani akaweka gasketi nyembamba.

Nifundisheni kuweka pointi na taimingi bila taa maalumu. Gari ni Datsun 1200. (Msomaji, Mombasa)

Unahitaji fila geji (vibati vya kupimia uwazi), spana na taa ya majaribio ya volti 12. Shika mpangilio huu: pointi kwanza, taimingi baadaye. Uwazi wa pointi ukibadilika, taimingi nayo imebadilika, kwa hiyo anayeanza na taimingi atairudia.

Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi. Zungusha puli ya mbele kwa spana mpaka kitako cha pointi kikalie ncha ya kemu ya distribyuta (mhimili wenye pembe unaozifungua pointi), pale pointi zinapoachana zaidi. Legeza skrubu na uweke uwazi wa milimita 0.45 hadi 0.55. Fila iteleze kwa kugusa, isisukume. Kaza, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza husogeza. Futa nyuso za pointi kwa kitambaa safi chenye petroli kidogo, maana mafuta yaliyotoka kwenye fila huungua na kuzuia umeme. Paka kemu grisi kiasi cha punje ya mchele. Kemu ikiwa kavu, kitako hulika, uwazi hupungua, cheche huchelewa, na gari hupoteza nguvu na kupata joto taratibu bila mwenyewe kujua. Pointi mpya zirudie kuzipima baada ya kilomita 500.

Sasa taimingi. Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole na uzungushe injini mwendo wake wa kawaida mpaka hewa isukume kidole. Endelea polepole hadi alama ya puli ifike nyuzi 5 kabla ya pistoni kuwa juu kabisa. Rota (mkono unaozunguka ndani ya distribyuta) sasa ielekee waya wa plagi namba moja. Unganisha taa kati ya kituo hasi cha koili na bodi, washa swichi. Legeza boliti ya distribyuta, izungushe upande ule rota inakozungukia mpaka taa izime, kisha irudishe polepole kinyume chake na uache palepale taa inapowaka. Hapo ndipo pointi zinaachana. Kaza, zima swichi mara moja, usiiache koili ikichemka. Plagi ziwe na uwazi wa milimita 0.8 hadi 0.9, na mpangilio wa plagi kuwaka ni 1-3-4-2.

Sailensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, na skrubu ya mchanganyiko nikiizungusha haileti tofauti yoyote. (Msomaji, Tabora)

Skrubu isiyoleta tofauti inakuambia kitu. Ama jeti ya sailensa imeziba, ama mtu amepandisha skrubu ya mwendo mpaka kipepeo (kibao kinachofungua koo la kabureta) kimefunguka kupita kiasi, ama hewa inaingia pasipotakiwa.

Injini ikiwa na joto, funga choki (kibao cha juu kinachopunguza hewa) kidogo kwa mkono. Ikitulia, mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi, ulikuwa na petroli nyingi. Kwa hewa nyingi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifodi na chini ya kabureta, kisha ziba kwa kidole mipira midogo ya vakumu mmoja mmoja, ukianza na ule wa distribyuta. Sauti ikibadilika, umefika. Watu hunyunyizia petroli badala ya sabuni, nasi tunawakataza kabisa: ekzosi iko sentimita chache kutoka hapo.

Ukishaziba, kaza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka ifike mwisho bila kuilazimisha, irudishe mzunguko mmoja na nusu, kisha tafuta pale injini inapokwenda kasi na laini zaidi.

Gari lilitoka Mombasa zima kabisa. Hapa Eldoret linakunywa petroli, plagi nyeusi, halina nguvu. (Msomaji, Eldoret)

Upungufu fulani wa nguvu ni wa mahali, hautatengenezwa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Kabureta haijui hilo: inaendelea kutoa petroli kama ya pwani, na mchanganyiko unazidi petroli kwa kama sehemu moja ya kumi.

Kagua kwanza choki kama inafunguka yote, ea klina kama si chafu, na usawa wa floti kwenye kioo kama kipo. Vyote vikiwa sawa, punguza jeti kuu kwa takriban asilimia 5 ya kipenyo: aliye na 100 ajaribu 95. Endesha kilomita 20 kwa mwendo wa kawaida, zima injini barabarani bila kuiacha isimame kwa sailensa, toa plagi. Rangi ya kahawia ya udongo mkavu ndiyo unayoitafuta. Ikiwa nyeupe, umepunguza mno na valvu zitaungua, rudisha kidogo. Jeti ya zamani ihifadhi kwenye kibweta cha gari, kwa sababu ukishuka tena pwani utaihitaji kabla ya safari ndefu.